Mjumbe Kutoka Chumba cha Kufulia

Chumba cha kufulia cha hospitali ya mji kilikuwa chini kabisa, nyuma ya jiko, na kilikuwa na joto la kumfanya shetani aombe likizo. Mashine zilikuwa tatu. Ile kubwa ikianza kukamua, ukuta ulitetemeka, vikombe vilitembea vyenyewe juu ya meza, na inasemekana mgonjwa mmoja wa ghorofa ya kwanza, ambaye hakuwa amesogeza mguu mwaka mzima, alishuka kitandani akatoka mbio mpaka getini. Waliosema hivyo ni wafuaji wenyewe, kwa hiyo mtu akiamini nusu inatosha.

Mkubwa wao, kwa umri na kwa kazi ila si kwa karatasi, alikuwa mwanamke waliyemwita Bi Povu. Alikuwa amesimama pale miaka thelathini na moja. Akiweka kiganja kwenye mlango wa mashine alijua maji yamefika joto gani. Akinusa shuka alikuambia imetoka wodi ipi, na akiwa na furaha, alikuambia na mgonjwa alikula nini. Lakini kwenye daftari la watumishi aliandikwa "mfuaji, daraja la mwisho", na ndivyo alivyoandikwa tangu siku alipoingia akiwa binti mwenye kiuno cha nyigu.

Usimamizi ulikuwa umempita mara tatu, tena kwa mtindo uleule. Nafasi ikitokea, analetwa mwanamume kutoka nje. Bi Povu anaambiwa, "Mama, hebu mwelekeze mwenzio." Anamwelekeza. Mwenzie akishaelekea, anakuwa bosi wake. Wanawake kumi na mmoja wa chumba kile waliona hakuna haja ya kujisumbua na majina, wakawaita kama wafalme: Suruali wa Kwanza, Suruali wa Pili, Suruali wa Tatu. Wa Kwanza alikuwa mpole, na alilala. Wa Pili ndiye aliyetia shuka zenye damu kwenye maji ya moto siku ya kwanza, kabla hajauliza mtu, na damu ikishaonja moto haitoki tena hata uisomee dua. Shuka mia mbili zikawa rangi ya chai. Wagonjwa wa wodi ya majeruhi walilalia ujinga wake kwa miaka, wakidhani ndiyo rangi ya serikali. Wa Tatu alijua kazi kidogo, kwa hiyo alihamishwa.

Basi nafasi ilikuwa wazi tena, na Bi Povu amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Hakuwa akitaka makubwa. Alitaka barua moja yenye muhuri, imtaje kuwa Msimamizi wa Ufuaji, ili siku ya kuondoka aondoke akiwa kile alichokuwa siku zote.

Ndipo tangazo likabandikwa kwenye ubao wa nje. Aliyeliona kwanza alikuwa Pasi. Huyu alikuwa mpiga pasi, mwenye miaka thelathini na kitu, na mdomo uliofika mahali kabla ya miguu yake.

"Dada Povu! Umeona tangazo?"

"La nini? Maji yanakatwa?"

"La haki! Amri imetoka juu, kila mji uunde Tume ya Ushauri ya Haki za Binadamu na Fursa Sawa. Mtu aliyenyimwa cheo kwa sababu ni mwanamke, sijui ni mlemavu, sijui katoka wapi, aende akaandikishe lalamiko. Yaani dada, wameandika kila kitu isipokuwa jina lako."

Bi Povu alikunja shuka tatu zaidi, pembe kwa pembe. Halafu akasema, "Soma tena hapo kwenye mwanamke."

Nyumbani alimweleza mumewe. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu aliyeweza kugundua ugonjwa wa saa kwa kuisikia kupitia ukutani, lakini hakujua miwani yake iko wapi ilhali ameivaa. Alimsikiliza mkewe huku ameshika kijigurudumu kwa koleo.

"Tume ya ushauri," alisema. "Mke wangu, unajua ushauri ni nini? Ni kile kitu ambacho kila mtu anakigawa na hakuna anayekipokea."

"Wewe kejeli zako hazichakai?"

"Sikejeli. Nenda. Ila andika kwa wino, usiandike kwa penseli."

Aliandika kwa wino, kurasa tatu, usiku hadi mkono ukafa ganzi. Aliandika tarehe zote, na Suruali wote watatu kwa majina yao ya kweli, ambayo alilazimika kuyauliza. Siku daftari la malalamiko lilipofunguliwa, alikuwa amesimama mlangoni kabla ya mfagizi. Akawa namba moja.

Aliyempokea ni Katibu wa mji mwenyewe, bwana nadhifu mwenye tabasamu lililopigwa pasi. Tume ilikuwa bado haijapata wajumbe, yeye ndiye aliyekuwa akiitengeneza. Alisoma kurasa zote tatu, polepole, akilamba kidole kila anapofunua. Alipofika mwisho akavua miwani.

"Mama," alisema, "wewe ndiye mtu tuliyekuwa tunamtafuta."

Bi Povu alirudi kazini akiwa mwepesi hata mashine kubwa ikaonekana ndogo.

Baada ya siku nane barua ikaja. Ilikuwa na muhuri, lakini haikuwa ya usimamizi. Ilisema Halmashauri, kwa kutambua uzoefu wake wa muda mrefu na sauti ya watumishi wa chini, imemteua kuwa mmoja wa wajumbe saba wa Tume. Pasi aliisoma kwa sauti juu ya kelele za mashine, na wote wakapiga vigelegele mpaka mpishi akaja na mwiko mkononi kuuliza kama kuna moto.

"Mheshimiwa!" Pasi alipiga goti la mzaha. "Kuanzia leo shuka zako nakunja mimi."

"Toka hapa." Lakini alicheka, na neno lile lilimwingia kama maji ya uvuguvugu kwenye miguu iliyochoka.

Fundi saa aliisoma barua mara mbili, upande wa mbele na wa nyuma. "Nilidhani ulipeleka lalamiko. Mbona umerudi na kiti?"

"Si ndiyo vizuri? Nitakuwa ndani."

"Siku ya karamu hata mbuzi huwa ndani."

Hakumsemesha mumewe siku mbili.

Ukumbi wa Tume ulikuwa kwenye jengo la Halmashauri: zulia jipya, meza ndefu, na viti vyenye magurudumu vinavyozunguka ukivigusa tu. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, waliyemwita Kengele, kwa sababu hakuweza kuanza sentensi bila kugonga kitu. Wajumbe watano waliobaki walikuwa watu wa heshima ambao kazi yao kubwa ilikuwa kukubaliana na Kengele. Katibu aliandika kumbukumbu. Mikutano ya kwanza ilikuwa ya kutunga kanuni, maana Tume isiyo na kanuni, alisema Kengele akigonga glasi, ni ndoo isiyo na kitako.

Walipofika kifungu cha tisa, Katibu aliinua kalamu. "Hapa kuna jambo dogo. Mjumbe akiwa na jambo lake mwenyewe, Tume ifanyeje?"

Kengele alitafuta cha kugonga.

Bi Povu akanyoosha mkono. Kule chini kulikuwa na sheria aliyoitunga mwenyewe miaka ishirini nyuma na kuisimamia kama askari: hakuna mfuaji kutia nguo ya nyumbani kwenye mashine ya hospitali. Hata leso. Leo leso, kesho pazia, keshokutwa mtu analeta magodoro ya wakwe zake. Sheria hiyo ndiyo iliyokifanya chumba kile kiaminike, na hakuna kitu alichokionea fahari kuliko hicho. Akawasimulia.

"Maji yalikatika mtaani kwetu wiki tatu," alisema. "Wiki tatu nilivaa gauni moja, linasimama lenyewe kwa jasho, na mimi nimesimama mbele ya mashine tatu zilizojaa maji. Sikutia hata kitambaa. Kwa hiyo mimi nasema mjumbe asilete lake."

Walimpigia makofi. Watu wa heshima, wenye miwani na kalamu za bei, walimpigia makofi mwanamke wa daraja la mwisho. Katibu aliinama mbele. "Mama umetufungua macho. Tuliandikeje sasa?"

Na yeye, makofi yakiwa bado yanamwasha masikioni, akamsaidia. "Andika asilete lake, wala la nyumbani kwake, wala la kazini kwake. Ukiacha ufa, panya atapita."

Lalamiko lake alilikumbuka, hakuwa amelewa kiasi hicho. Ila aliliona limeshaingia siku nyingi, kabla hajapewa kiti. Nguo iliyokwisha kufungiwa ndani ya mashine haitolewi katikati, mashine haifunguki. Kwake hilo lilikuwa wazi mno hata hakuliuliza. Katibu alipochapa kanuni aliongeza mstari mmoja, kwamba kwa jambo la mjumbe mwenyewe katazo litaendelea kwa miaka miwili baada ya kuacha ujumbe. Zilisomwa haraka, birika la chai likiwa limeshaingia, na mikono saba ikanyanyuka. Wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Bi Povu.

Mkutano uliofuata, Katibu alisoma ajenda. "Lalamiko namba moja. Tunamwomba mjumbe anayehusika atupishe."

Alisimama kwenye ukumbi mwembamba wa nje, mgongo ukutani, saa aliyotengenezewa na mumewe ikiwa mkononi. Alisikia vijiko vikigonga vikombe. Alisikia mtu akiuliza kama biskuti za jana zimekwisha, na wengine wakicheka. Zilipita dakika nne. Mlango ukafunguliwa.

"Mama, karibu ukae," alisema Kengele, na safari hii hakugonga kitu. "Limeondolewa. Kwa kifungu cha tisa. Na Tume inakupongeza kwa uadilifu wako."

"Limeondolewa vipi? Nililileta kabla hujanipa kiti."

"Ni kweli kabisa," alisema Katibu. "Ila limekuja kusikilizwa ukiwa umekikalia."

"Basi najiuzulu sasa hivi. Andika."

"Unaweza, mama, ni haki yako. Lakini kuna ile miaka miwili."

"Nastaafu mwakani!"

"Inasikitisha," alisema Katibu, na akainama akaandika. Baadaye alipoletewa kumbukumbu atie saini, Bi Povu aliona kilichoandikwa: *Mjumbe alieleza masikitiko yake, na Tume ikayapokea.*

Juma lililofuata akaletwa Suruali wa Nne. Alikuwa na viatu vinavyong'aa na daftari jipya. Aliuliza kila kitu kwa adabu, shikamoo mama, hiki kitufe ni cha nini mama, na adabu yake ilichoma kuliko ufidhuli wa wale wengine. Bi Povu alimwelekeza. Angefanyaje? Wagonjwa wanalala kila siku.

Pasi ndiye aliyelipuka. Aliweka pasi wima, moshi ukitoka.

"Sasa naandika mimi. Si la dada, ni langu, na la wote hapa. Mimi nina cheti, nina miaka tisa, hata nafasi haikutangazwa! Tuone kifungu gani kitanizuia."

Aliondoka mchana, akarudi kabla ya chai na karatasi yake mkononi, haijakunjuliwa. Safari hii miguu ilifika kabla ya mdomo.

"Wamekataa kupokea."

"Kwa nini?"

"Wamesema kuna mjumbe anayefanya kazi hapa. Jambo la kazini kwa mjumbe haliingii. Mpaka asiwepo."

Wanawake tisa waligeuka wakamtazama Bi Povu. Bi Povu alikuwa na foronya mkononi, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Msomaji angependa kuambiwa kwamba aliandika barua ya kujiuzulu siku hiyohiyo. Hakuandika. Zilipita wiki tano. Lake lilikuwa limekufa, hilo alilijua. Lakini kila akitoka kwenye ngazi za Halmashauri mlinzi alimwambia, "Mheshimiwa, habari za kazi," na mlinzi huyohuyo miaka yote alikuwa akimwambia apitie mlango wa nyuma. Mkwewe alikuwa amewatangazia majirani. Taarifa ya Tume ilitoka na picha yake kwenye jalada, ameshika kalamu, chini pameandikwa *Fursa sawa kwa wote*. Kalamu yenyewe ilikuwa ya Katibu, alirudishiwa mara tu mpiga picha alipomaliza. Mtu akikaa miaka thelathini na moja kwenye mvuke halafu akapewa kilemba, anaweza akajua ni cha ukoka na bado akakivaa, kwa sababu kichwa kilikuwa kimezoea kuwa wazi.

Kule chini, hata hivyo, hewa ilibadilika. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kumngoja kunywa chai. Siku moja Pasi, bila kuinua macho kwenye kola aliyokuwa akiinyoosha, alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja hali ya hewa, "Dada, umetukalia."

Jioni ile alimwomba mumewe karatasi.

"Ya nini?"

"Ya kuacha kiti."

Fundi saa alifungua mdomo. Bi Povu aliliona kabisa neno likija, likiwa limenolewa pande zote mbili. Halafu mumewe akaufunga, akamtafutia kalamu, akasogeza saa zake zote upande mmoja ili mkewe apate pa kuandikia.

Mstari mmoja ulitosha. Asubuhi aliupeleka kwa mkono, akashuka chumbani, akamwita Pasi kando ya mashine ndogo.

"Nimetoka. Mimi langu limekufa, miaka miwili sinayo. Lakini lenu bado linapumua. Peleka Jumatatu. Andika kila kitu, na cheti chako uambatishe."

Pasi alimkumbatia mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka. "Dada, nisamehe mdomo wangu."

"Mdomo wako ndio tunaouhitaji. Nenda nao."

Pasi aliandika kurasa tano. Zilisainiwa na wote, na mmoja ambaye hakujua kuandika alitia dole gumba mara mbili, kwa msisitizo. Zikapokelewa. Zikapewa namba. Kwa mara ya kwanza tangu Suruali wa Nne aje, walicheka kule chini, na mashine kubwa ikikamua waliisindikiza kwa nyimbo. Bi Povu alihesabu: hata likichukua miezi sita, atakuwa bado yupo. Hatapata barua yake, lakini ataona mwanamke akisimama pale penye meza ya msimamizi, ataondoka akiwa ameliona hilo.

Siku ya nane, saa nne asubuhi, sauti ya Pasi ilisikika tangu jikoni.

"Dada! Dada Povu! Jamani, wako wapi watu?"

Aliingia akihema, bahasha mkononi. Bi Povu aliifahamu bahasha ile kabla haijafika, rangi yake, na muhuri ulivyokaa.

"Katibu kaniita mwenyewe. Kasoma zote tano! Kaniambia, dada yangu, wewe ndiye mtu tuliyekuwa tunamtafuta."

Bi Povu alifuta mikono kwenye gauni.

"Wamekupa kiti changu," alisema Bi Povu.

"Wamenipa! Wamesema hawawezi kukosa sauti ya watumishi wa chini."

"Na lalamiko?"

"Lipo. Kasema lipo salama kabisa, kwenye faili."

"Pasi. Kifungu cha tisa."

"Nakijua, dada, si ulishatusimulia?" Alikuwa akiinyoosha barua kifuani kwa kiganja. "Nitakibadilisha nikiwa ndani."

"Na mimi nilisema nitakuwa ndani."

"Wewe mpole. Mimi nina mdomo, umesema mwenyewe."

"Wakatalie. Waambie unataka kusikilizwa, hutaki kukaa. Leo hii, kabla ya mchana."

Pasi alimtazama. Uso ulikuwa bado unacheka lakini macho yalikuwa yameacha.

"Dada, wewe ulikaa miezi mitano. Ulipigwa hata picha. Mimi hata siku moja sijaitwa chochote na mtu yeyote mwenye tai. Unataka nikatae hata kabla sijaingia?" Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayeomba samahani: "Vile viti ni kweli vinazunguka?"

Bi Povu alimwangalia msichana yule, mikono yake yenye makovu ya chuma cha moto.

"Vinazunguka," alisema.

Mmoja akaanza kigelegele, kikafa njiani, mwingine akakiokota. Pasi alipanda juu kumwonyesha mpishi. Waliobaki walirudi kwenye mafurushi yao. Bi Povu alivuta gunia la wodi ya wazazi, akalifungua kamba. Akasema bila kumwangalia mtu, "Tutaandika lingine. Yeye akitoka tu, lipelekwe siku hiyohiyo. Nani ana mwandiko mzuri?"

Wenzake waliendelea kupanga shuka, nyeupe huku, zenye uzi mwekundu kule. Halafu yule aliyetia dole gumba mara mbili alisogea karibu, akaangalia mlangoni kama Pasi hasikii.

"Dada," alinong'ona, "na yeye akimaliza, kiti kinakuja kwa nani? Maana mimi ndiye ninayefuata kwa umri."

Upande wa pili wa chumba Suruali wa Nne alikuwa amesimama mbele ya mashine kubwa, daftari wazi, akiita kwa adabu, "Mama? Samahani, mama. Hii taa nyekundu inamaanisha nini?"

Bi Povu aliliacha gunia, akaenda kumwambia.